Vijana wa Ulaya na sera ya tabianchi: vikao wanavyoitwa vina nguvu gani?

MamaSalma_HH (mleta mada)

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote, hasa mlioko Ulaya na mnaofuatilia siasa za huku kwa karibu.

Ninaishi Hamburg, Ujerumani, na binti yangu ni raia wa nchi hii tangu kuzaliwa. Mwezi Juni 2024, akiwa na miaka 16, alipiga kura ya Bunge la Ulaya, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa imeshateremsha umri wa kupiga kura katika uchaguzi huo. Tarehe 23 Februari 2025, ulipofika uchaguzi wa Bunge la Shirikisho, hakuruhusiwa, maana huko umri bado ni miaka 18. Wiki moja baadaye, tarehe 2 Machi, akapiga kura tena, safari hii ya bunge la jimbo la Hamburg, ambako wenye miaka 16 wanaruhusiwa tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2013. Mimi mwenyewe, kwa kuwa bado ninashika pasipoti ya Tanzania, sikupiga hata moja kati ya hizo, lakini hilo si la uzi huu.

Swali langu linahusu vikao. Tangu apate umri wa kupiga kura, amekuwa akialikwa kwenye mijadala ya vijana kuhusu tabianchi. Kikao cha mwisho kiliandaliwa na ofisi ambayo sitaitaja. Walikalishwa kwenye meza za duara, wakapewa vikaratasi vya kubandika, vya njano kwa matatizo na vya kijani kwa mapendekezo, wakaambiwa waandike kwa maneno machache kadiri iwezekanavyo. Binti yangu aliandika kwamba basi la mtaani kwetu usiku hupita kwa nadra kiasi kwamba jirani zetu wanaofanya kazi ya zamu hulazimika kununua gari. Kikaratasi kikabandikwa ukutani pamoja na vingine, picha ya pamoja ikapigwa, kila mmoja akapewa cheti. Miezi imepita na hakuna aliyeandikiwa chochote kuhusu yale mapendekezo.

Sasa umekuja mwaliko mwingine, wa siku mbili za shule, na mtihani wake wa kumaliza sekondari uko karibu. Ninaomba wenye uzoefu wanisaidie: ni vyombo gani vya Ulaya ambamo neno la kijana lina uzito wa kweli? Na je, kuna mahali ambapo vijana wamebadilisha sera ya tabianchi ikaandikwa kwenye sheria, badala ya kusifiwa jukwaani tu?

Mkalimani_Strasbourg

Shikamoo Mama Salma. Kazi yangu imenikalisha kwenye vibanda vya ukalimani vya mikutano ya namna hii kwa muda mrefu, kwa hiyo nitajibu sehemu ya kwanza ya swali lako na kuwaachia wanasheria ya pili.

Kuna vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya. Baraza la Ulaya, lenye nchi wanachama 46 na makao yake hapa Strasbourg, si chombo cha Umoja wa Ulaya. Tangu mwaka 1972 Baraza hilo lina utaratibu wa usimamizi wa pamoja katika masuala ya vijana: wajumbe 30 wanaotoka kwenye mashirika na mitandao ya vijana huketi na wawakilishi wa serikali, na kwa pamoja huamua programu na bajeti ya idara ya vijana. Humo kijana hatoi maoni tu, anaamua. Ila mamlaka hayo yanaishia kwenye mlango wa idara hiyo. Hayagusi mitambo ya makaa ya mawe, wala bei ya umeme, wala ruzuku ya kilimo.

Umoja wa Ulaya una Mkakati wa Vijana wa 2019 hadi 2027, wenye Malengo 11 ya Vijana, na lengo la kumi linahusu Ulaya ya kijani na endelevu. Kuna pia Mazungumzo ya Vijana, yanayoendeshwa kwa mizunguko ya miezi 18 chini ya nchi tatu zinazopokezana urais wa Baraza la Mawaziri. Tangu Desemba 2024 yupo kamishna mwenye dhamana ya vijana na haki baina ya vizazi, Glenn Micallef wa Malta, na makamishna wote wametakiwa kufanya mjadala na vijana kila mwaka. Yote hayo si mabaya. Tatizo ni njia inayofuatwa na karatasi: maazimio ya Mazungumzo ya Vijana huenda kwa mawaziri wanaoshughulikia vijana, ilhali sheria za tabianchi hupikwa na mawaziri wa mazingira, nishati na fedha, ambao si lazima wawe wamesoma hata ukurasa mmoja wa maazimio hayo.

Mfano mkubwa zaidi nilioushuhudia ni Mkutano kuhusu Mustakabali wa Ulaya, ulioanza tarehe 9 Mei 2021 na kufungwa siku kama hiyo mwaka uliofuata. Wananchi waliteuliwa kwa bahati nasibu, wakagawanywa katika majopo manne ya watu 200 kila moja, na theluthi ya kila jopo walikuwa wenye umri wa miaka 16 hadi 25. Yalitoka mapendekezo 49, mojawapo likigusa pia kura ya Bunge la Ulaya kwa wenye miaka 16. Bunge lenyewe lilipitisha azimio lenye mwelekeo huo tarehe 3 Mei 2022, lakini sheria ya uchaguzi wa Ulaya haibadiliki mpaka nchi zote wanachama zikubaliane kwa kauli moja, na hazijakubaliana. Kwa hiyo leo kijana wa miaka 16 hupiga kura hiyo akiwa Austria, Malta, Ubelgiji au Ujerumani, Ugiriki ni miaka 17, na kwingineko anasubiri 18.

Mimi hutumia maswali mawili kupima mwaliko wowote. Nani alipanga ajenda, vijana au waandaaji? Na je, kuna mtu mwenye cheo anayelazimika kujibu kwa maandishi, kabla ya tarehe iliyotajwa, akieleza alichokubali na alichokataa? La pili likikosekana, vile vikaratasi vya njano vitaishia ukutani.

Wakili_Kimya

Mama Salma, jibu la swali lako la pili ni ndiyo, na mfano bora umetoka nchi hiyo hiyo unayoishi.

Mwezi Desemba 2019 Ujerumani ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Tabianchi. Sheria hiyo iliweka lengo la kupunguza gesi joto kwa asilimia 55 ifikapo 2030, ikilinganishwa na mwaka 1990, na ikapanga kiwango cha kila sekta kwa kila mwaka mpaka hapo. Kuhusu miaka ya baada ya 2030 haikupanga kitu cha maana. Iliiachia serikali iseme baadaye. Vijana kadhaa walifungua malalamiko ya kikatiba. Miongoni mwao alikuwa Luisa Neubauer, mwanaharakati anayejulikana wa vuguvugu la mgomo wa Ijumaa (Fridays for Future), la wanafunzi wanaodai hatua za tabianchi, na walikuwemo pia vijana wa kutoka visiwa vya Bahari ya Kaskazini kama Pellworm, ambako ardhi ya familia inayolimwa iko chini kiasi cha kutegemea kingo za bahari. Walalamikaji wengine walitoka Bangladesh na Nepal, ingawa hao hawakufanikiwa.

Uamuzi wa Mahakama ya Katiba, uliotangazwa tarehe 29 Aprili 2021, unastahili kusomwa polepole. Mahakama haikusema kwamba asilimia 55 ni ndogo mno. Ilisema kwamba kiasi cha gesi joto ambacho nchi inaweza bado kukitoa kina kikomo, na kwamba kizazi kimoja kikiruhusiwa kutumia sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa raha zake, kizazi kinachofuata kitalazimika kujinyima kwa ukali ambao utaminya karibu kila uhuru unaolindwa na katiba: kusafiri, kujenga, kufanya kazi, kula. Uhuru wa kesho, kwa hoja hiyo, unavunjwa na uzembe wa leo, na mwenye miaka 17 anaweza kulalamika sasa bila kusubiri madhara yamkute. Hoja hii ndiyo iliyowashangaza wengi wetu katika taaluma, kwa sababu haikujengwa juu ya huruma kwa watoto. Ilijengwa juu ya hesabu.

Matokeo yalikuja kwa kasi isiyo ya kawaida. Kabla ya Juni kwisha Bunge la Shirikisho lilikuwa limeshapitisha marekebisho: asilimia 65 badala ya 55 ifikapo 2030, na mwaka wa nchi kuacha kuongeza gesi joto angani ukasogezwa kutoka 2050 hadi 2045. Ni haki kuongeza kwamba uchaguzi mkuu ulikuwa Septemba mwaka huo, na hakuna chama kilichotaka kuonekana kinabishana na mahakama.

Lakini usimwambie binti yako kwamba mahakama ni njia ya mkato. Vijana sita wa Ureno, waliosukumwa na moto wa misitu wa mwaka 2017, walifungua shauri Septemba 2020 katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya dhidi ya nchi yao na nyingine 32. Tarehe 9 Aprili 2024 shauri lao halikupokelewa, kwa sababu hawakuanza na mahakama za Ureno, na kwa sababu mahakama haikukubali kwamba nchi nyingine zile zina mamlaka juu yao. Siku hiyo hiyo, katika ukumbi ule ule, walioshinda walikuwa wazee: chama cha wanawake wa Uswisi chenye wanachama zaidi ya 2,000, wastani wa umri wao ukiwa miaka 73, kiliishinda serikali yao kwa kura 16 dhidi ya moja. Bibi hao walikuwa wamekwisha kupita ngazi zote za mahakama za nyumbani. Na hata ushindi wao ulipokelewa kwa ubishi, maana mwezi Juni mwaka huo mabaraza yote mawili ya Bunge la Uswisi yalipitisha matamko ya kuupinga.

Ndayi_Gent

Ninawaheshimu waliotangulia, ila ninaona wote wawili wameanza hadithi katikati. Wakili anatuambia kuhusu mwaka 2021 kana kwamba majaji waliamka asubuhi moja wakakuta faili mezani. Kabla ya hapo, Agosti 2018, Greta Thunberg, aliyeanzisha mgomo huo wa Ijumaa, alikuwa amekaa nje ya Bunge la Sweden akiwa na miaka 15, na kufikia Machi 2019 wanafunzi walikuwa barabarani katika miji ya nchi nyingi. Bila barabara hakuna kesi.

Mimi niko Ubelgiji, na nilikuwepo Januari 2019 wakati wanafunzi walipokuwa wakiacha masomo kila Alhamisi kwenda kuandamana Brussels. Waziri wa mazingira wa Flanders, eneo la kaskazini mwa Ubelgiji, Joke Schauvliege, alidai kwamba usalama wa taifa umemthibitishia kuwa maandamano yale yamepangwa na watu walio nyuma ya pazia. Idara ya usalama ikakanusha. Tarehe 5 Februari waziri akajiuzulu. Watoto wa sekondari walikuwa wamemtoa waziri ofisini bila kumgusa.

Hata hivyo tuseme yote. Mwezi Machi mwaka huo huo jaribio la kurekebisha kifungu cha katiba ili Ubelgiji iweze kutunga sheria maalumu ya tabianchi lilikosa theluthi mbili bungeni. Na katika uchaguzi wa tarehe 26 Mei, chama cha mrengo mkali wa kulia cha Vlaams Belang kiliruka kutoka viti 3 hadi 18. Kelele za Alhamisi hazikuwa kelele za nchi nzima.

Hapo ndipo ninapotaka tuwe waangalifu na neno «vijana». Katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa 2019 chama cha Kijani cha Ujerumani kilipata takriban theluthi moja ya kura za walio chini ya miaka 25. Mwaka 2024 kilibaki na takriban asilimia 11 kwa rika hilo, nacho AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, kikapata takriban 16. Cyprus ilimpeleka bungeni Fidias Panayiotou, kijana mtengeneza video za YouTube ambaye wakati huo hakuwa na chama. Barani kote, kwa mujibu wa utafiti wa baada ya uchaguzi uliofanywa kwa niaba ya Bunge lenyewe, waliopiga kura kati ya walio chini ya miaka 25 walikuwa asilimia 42 mwaka 2019 na asilimia 36 mwaka 2024. Anayesema anawasemea vijana wa Ulaya kuhusu tabianchi, muulize ni vijana gani.

Na wale wanaoalikwa kwenye meza za duara tunawajua. Ni wa shule za kuelekea chuo kikuu, wenye wazazi wanaosoma barua pepe za shule kama Mama Salma. Kijana wa Kikongo au wa Kirundi anayejifunza ufundi wa mabomba hapa Gent, na ambaye ndiye atakayefunga mitambo ya kupasha joto isiyotumia gesi katika nyumba za watu, sijawahi kumwona ukumbini. Hapa kwetu asiye raia wa Umoja wa Ulaya anaweza angalau kujiandikisha apige kura ya manispaa baada ya miaka mitano ya kuishi nchini, na wengi wa jamii zetu hawafanyi hivyo. Ujerumani hata hiyo hawana.

Altona_Kusini

Nimesoma uzi mzima na ninashangaa kwamba hakuna aliyetaja kilichotokea mjini kwetu, ilhali mleta mada anaishi humu humu.

Hamburg ina utaratibu wa wananchi kutunga sheria wenyewe kwa ngazi tatu. Kwanza saini 10,000 za kuanzisha hoja. Kisha, bunge la jimbo likiikataa, saini za asilimia tano ya wapiga kura ndani ya wiki tatu. Kisha kura ya wananchi. Kura hiyo ikipita, kilichopitishwa ni sheria, si ombi. Na mwenye miaka 16 anashiriki. Tawi la Hamburg la vuguvugu la mgomo wa Ijumaa, pamoja na mashirika mengine, lilitumia njia hiyo kudai mji uache kuongeza gesi joto ifikapo 2040 badala ya 2045, kwa kikomo kinachohesabiwa kila mwaka na kwa sharti kwamba hatua zenyewe zisiwaumize wasio na kipato.

Mimi nilisaidia kukusanya saini vuli ya 2024. Kazi yenyewe haina utukufu wowote. Unasimama na meza ya kukunja nje ya kituo cha treni, kalamu zimefungwa kwa uzi zisichukuliwe, na kwa kila mtu unarudia yale yale: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, anwani kamili, tarehe ya kuzaliwa, saini. Mvua ikinyesha, wino unatawanyika, na saini isiyosomeka ni hasara. Wengi wa waliokuwa nami walikuwa na umri wa binti yako, na walijua masharti ya saini kuliko mimi. Zilipatikana zaidi ya 100,000. Tarehe 12 Oktoba 2025 hoja ikapita kwa asilimia 53 na ushei.

Ndayi ana haki katika jambo moja. Vyama vya wenye nyumba na vya wafanyabiashara vilionya kwamba kodi za nyumba zitapanda, na katika mitaa kadhaa ya pembezoni, yenye watu wa kipato kidogo, hapana ilishinda. Siku ile ile hoja nyingine, ya kufanya jaribio la kipato cha uhakika kwa wote, ilianguka vibaya. Kwa hiyo sheria tunayo, lakini mpangaji wa ghorofa ya nne ambaye jengo lake litawekewa mfumo mpya wa joto bado anasubiri kuambiwa nani atalipa. Hapo ndipo vijana wanahitajika sasa, na hapo hakuna kamera.

MamaSalma_HH (mleta mada)

Ninawashukuru sana. Binti yangu aliipigia kura hoja ya Oktoba, na ninakiri nyumbani tuliizungumza kwa juu juu kwa sababu karatasi ya kura haikuwa yangu. Nimemsomea majibu yenu yote. Ameuliza jambo moja ambalo siwezi kumjibu: je, kuna mahali ambapo sheria inailazimisha serikali kuwasikiliza vijana, bila wao kwenda mahakamani na bila kukusanya saini laki moja?

Mkalimani_Strasbourg

Mwambie kwamba pako, kwa viwango tofauti. Finland, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 2015 inailazimisha kila manispaa iwe na baraza la vijana au chombo cha namna hiyo, na ilipe nafasi ya kuathiri mipango ya mazingira, makazi na usafiri, basi la usiku likiwemo. Baraza hilo haliamui, lakini haliwezi kurukwa.

Wales wamekwenda njia nyingine. Sheria yao ya Ustawi wa Vizazi Vijavyo ya mwaka 2015 inazitaka taasisi za umma zipime maamuzi yao kwa maslahi ya ambao hawajazaliwa, na imeweka kamishna wa kufuatilia. Kamishna wa kwanza, Sophie Howe, alipinga mpango wa kujenga barabara kuu mpya ya M4 karibu na Newport, na mwaka 2019 serikali ya Mark Drakeford iliufuta. Gharama na mazingira ndizo sababu zilizotajwa, kwa hiyo nisingempa kamishna sifa zote, lakini hoja yake ilikuwa mezani kwa nguvu ya sheria, si kwa hisani.

Kuhusu mwaliko wa siku mbili, awaandikie waandaaji sasa hivi, kabla hajathibitisha. Aulize mapendekezo ya kikao kilichopita yalipelekwa idara gani, nani aliyasoma na majibu yalikuwa nini, na aombe nakala. Aeleze pia kwamba angependa kiti kimoja wapewe wanafunzi wa ufundi. Wakijibu vizuri, siku mbili za shule zinafidika. Wasipojibu, mitihani yake ni muhimu zaidi, na barua ile ile anaweza kuipeleka kwa mjumbe wa baraza la wilaya yenu, ambalo pia alikuwa na umri wa kulipigia kura Juni 2024, na ambako suala la basi la mtaani linaweza kuingizwa kwenye ajenda.

Wakili_Kimya

Nakala ya barua aiweke, yenye tarehe.